Ndege wa Mbali, Kuku wa Nyumbani: Vidokezo 14 vya Kulinda Banda Lako

Mapema Januari 2017, wavuvi wa Lutembe, ghuba ya Ziwa Victoria iliyo kati ya Kampala na Entebbe, walianza kukuta ndege wengi wamekufa majini na ufukweni. Wengi walikuwa buabua wenye mabawa meupe, ndege wadogo wanaozaliana Ulaya ya Mashariki na Asia kisha huja kwetu kwa makundi makubwa kukwepa baridi. Vipimo vikaonyesha mafua makali ya ndege aina ya H5N8. Mwezi huohuo virusi hivyo vikathibitishwa kwa bata na kuku wa kufugwa wilayani Masaka. Kenya na Rwanda zikapiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda, na wafugaji ambao hawakuwa na hata kuku mmoja mgonjwa wakajikuta wamekosa soko.

Hakuna mfugaji anayeweza kufunga anga. Lakini virusi vina njia zake za kuingia bandani, na njia hizo zinajulikana: maji ambayo ndege wa porini na kuku wanayanywa pamoja, punje zilizomwagika uani, soli ya kiatu, tenga lililorudi kutoka sokoni. Zote ziko mikononi mwako, na nyingi zinazibika kwa gharama ndogo. Vidokezo vifuatavyo vinamfaa mwenye mitetea kumi ya kienyeji na mwenye kuku elfu wa mayai vilevile.

1. Ijue kalenda ya wageni

Ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia huanza kuonekana Afrika Mashariki Septemba na Oktoba, hujaa kuanzia Novemba hadi Februari, na huondoka Machi na Aprili. Kwa watu wa pwani, kilele cha ugeni huo huangukia msimu wa kaskazi. Wengi wao wanapenda maji: Ziwa Victoria, Naivasha, Elementaita, Manyara, Rukwa, delta za Rufiji na Tana, mlango wa Mto Sabaki karibu na Malindi, pamoja na mashamba ya mpunga kama ya Mwea, Ahero, Kilombero na Mbarali.

Kama unafuga karibu na maji ya namna hiyo, ufanye Agosti kuwa mwezi wa matengenezo. Ziba wavu uliotoboka, rekebisha paa, nunua dawa ya kuulia vijidudu, panga siku ya chanjo. Mgeni akifika akute nyumba iko tayari.

Anayekaa mbali na ziwa naye asijione amesalimika. Yangeyange hulala kwenye miti ya kinamasi, na asubuhi utamkuta akizurura kati ya ng'ombe na kuku wako. Kunguru, njiwa na shomoro nao hawana mpaka kati ya jalala, mtoni na bandani. Ndege hawa wenyeji ndio wanaoweza kuvusha kwenye ua wako kile kilichoachwa na wageni ziwani.

2. Yatambue magonjwa mawili yanayofanana

La kwanza ni mafua ya ndege, ambayo wengi nchini Kenya huyaita homa ya ndege. Virusi vyake vina aina nyingi: ndege wa majini wamekutwa na aina 16 za H na aina 9 za N, na ndiyo maana unasikia H5N1, H5N8 na kadhalika. Zinazotisha zaidi kwa kuku ni za H5 na H7. Virusi hivyo vinaweza kuingia bandani vikiwa vipole, kisha vikabadilika kadiri vinavyopita kuku mmoja hadi mwingine, vikawa vikali vya kufyeka banda zima ndani ya siku chache. Bata mwitu kwa upande wake anaweza kuvibeba tumboni bila dalili yoyote, akaendelea kula, kuruka na kunya majini.

La pili ni mdondo, au kideri, ugonjwa wa virusi ambao mfugaji wa kienyeji anaufahamu vizuri mno. Kuku kwa kuku ndiyo njia yake kuu, lakini njiwa, mnandi na ndege wengine wa porini wanaweza kuubeba.

Dalili zinakaribiana: vifo vya ghafla, kuku kusinzia na kujikunyata, kuhema kwa shida, kuharisha kijani, mayai kupungua au kutoka na ganda laini, shingo kupinda. Kwenye mafua makali, mara nyingi kichwa huvimba na upanga wa jogoo hugeuka rangi ya zambarau. Hata hivyo, kwa macho peke yake hata daktari wa mifugo hawezi kuapa ni upi. Maabara ndiyo inayotoa jibu, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwa simu tu kwamba "huo ni mdondo wa kawaida".

3. Anza na maji

Ukiwa na nafasi ya kutekeleza kidokezo kimoja tu, kiwe hiki. Ndege wa majini aliyeambukizwa hutoa virusi kwa wingi kwenye kinyesi, na maji, hasa yakiwa baridi, huvitunza vikiwa hai kwa muda mrefu. Kuku anayekunywa kwenye dimbwi, mfereji wa mpunga au ukingo wa ziwa anakunywa kutoka chombo kimoja na kila ndege aliyetua hapo.

Wape kuku maji ya bomba, ya kisima kilichofunikwa au ya mvua yaliyovunwa kwenye tangi lenye mfuniko. Kama huna budi kutumia maji ya ziwa au bwawa, yatibu kwanza kwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, uyaache kwa muda ulioelekezwa kabla ya kuwapa. Maji ya kuoshea banda na vyombo nayo yatibiwe vivyo hivyo.

Halafu angalia chombo chenyewe kimewekwa wapi. Nyumba nyingi zina lile beseni la plastiki chini ya mwembe, maji yamebaki nusu, na tawi la juu yake lina madoa meupe ya kinyesi. Hamishia beseni hilo chini ya paa leo hii. Lisugue kwa sabuni kila siku, na maji yaliyobaki yamwage mbali na banda.

4. Karamu ya chakula iwe ya kuku peke yao

Punje za mahindi zilizotapakaa uani ni mwaliko kwa njiwa na shomoro wa mtaa mzima. Lishia ndani ya banda au chini ya kipaa, kwenye kihori, kwa kiasi ambacho kuku watakimaliza. Kinachomwagika kifagiliwe jioni hiyohiyo.

Magunia ya pumba, mashudu na dagaa yahifadhiwe kwenye stoo inayofungika, juu ya mbao, mbali na ukuta. Ghala lililo wazi huingiliwa na ndege na panya, na kinyesi chao kinakwenda moja kwa moja hadi kwenye kihori. Maranda ya kutandika nayo yalindwe hivyo: yakikaa nje chini ya miti, unaingiza bandani kinyesi cha ndege wa porini kwa mikono yako mwenyewe.

5. Wavu ubavuni, paa zima juu

Wavu wa matundu makubwa humzuia kunguru na kumwachia shomoro. Tafuta wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5, na wenye madogo zaidi ukiupata ni bora. Upitishe hadi chini kabisa, uuzike kidogo ardhini, na uzibe nafasi kati ya ukuta na paa, kwa sababu hapo ndipo ndege wanapopenda kujenga viota.

Wavu usitumike peke yake kama paa. Unamzuia ndege, ila kinyesi chake kinapita. Bati, makuti au turubai imara, chochote kinachozuia kudondokewa, ndicho kinachofaa juu ya sehemu ya kulia na kunywea.

Matawi yaliyolala juu ya banda yapogolewe. Hakuna haja ya kukata mti mzima, inatosha kuondoa kitulio kilicho juu ya vichwa vya kuku.

6. Bata na kuku wasichanganywe

Hiki kidokezo kinawaudhi wengi, maana katika nyumba zetu bata, kuku, kanga na njiwa huishi ua mmoja. Lakini bata wa kufugwa ana tabia za ndugu zake wa porini. Anaifuata mifereji, anaogelea pamoja nao, na aina nyingi za virusi vya mafua humpitia bila kumlaza. Jioni anarudi, analala na kuku, na anachafua maji yao usiku kucha.

Mpe bata banda lake, vyombo vyake na bwawa dogo la nyumbani lisilopokea maji ya mtoni. Unapohudumia, anza na kuku na umalizie na bata, wala usirudi nyuma kabla ya kunawa na kubadili viatu. Bata bukini na bata mzinga nao wapewe sehemu yao.

7. Kuku wa kienyeji wawekewe ratiba

Tunajua kuwa kuku wa kienyeji hufugwa kwa kutembea, na kumfungia mwaka mzima ni gharama ambayo kaya nyingi haziimudu. Lakini kati ya kumfungia kabisa na kumwachia kabisa ipo njia ya katikati.

Miezi ya ugeni, wape chakula kidogo asubuhi ndani ya banda ili wasitoke na njaa ya kuwapeleka mbali. Zungushia sehemu ya uani kwa wavu au fito, wachakure humo. Waepushe na ukingo wa maji, hasa alfajiri na jioni, ndege wa majini wanapokula kwa wingi. Vifaranga wabaki ndani wiki za mwanzo. Na siku utakaposikia tangazo la mafua ya ndege katika wilaya au kaunti yenu, hapo wafungie wote bila mjadala mpaka mamlaka zitakaporuhusu.

8. Kiatu cha bandani kisitoke, kiatu cha nje kisiingie

Chukua kiatu ulichotoka nacho shambani au mwaloni, kigeuze, utazame soli. Kwenye mifereji yake kuna tope lililoshindiliwa, pengine na unyoya mmoja na kinyesi ambacho hakijakauka vizuri. Virusi vya H5N1 vinaweza kudumu kwenye kinyesi cha ndege kwa zaidi ya mwezi katika baridi ya nyuzijoto 4, na kwa takriban siku 6 hata kwenye joto la nyuzijoto 37. Tope hilo likiingia bandani, buabua au bata mwitu hana haja ya kufika mwenyewe.

Weka jozi ya buti za mpira mlangoni mwa banda, zitumike humo tu. Koti au kanga ya kazi nayo ibaki hapohapo. Mlangoni weka beseni la dawa ya kuua vijidudu, na kando yake ndoo ya maji, sabuni na brashi. Utaratibu wake ni huu: sugua tope kwanza, kisha chovya kwenye dawa. Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu, na beseni lililogeuka uji wa kahawia halimkingi mtu. Libadilishe kila siku.

Habari njema ni kwamba virusi vya mafua na vya mdondo vimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni huupasua utando huo. Kipande cha sabuni ya kufulia kikitumiwa kwa bidii kinafanya kazi kubwa.

9. Chunga tenga, trei na kuku mgeni

Ndege wa porini anaweza kuleta cheche ya kwanza, lakini mara nyingi ni binadamu anayeusambaza moto. Virusi vya H5N1 viliporipotiwa Afrika kwa mara ya kwanza, Februari 2006, viligunduliwa kwenye shamba la kuku katika jimbo la Kaduna, Nigeria. Baada ya hapo biashara ya kuku na mayai ikasaidia kuvipeleka katika majimbo mengi ya nchi hiyo.

Kuku yeyote mpya, awe amenunuliwa, amepewa kama zawadi au amerudi kutoka mnadani bila kuuzwa, akae peke yake kwa siku 14. Mpe vyombo vyake, mhudumie mwisho, mwangalie kila siku. Akimaliza wiki mbili akiwa mzima, mchanganye na wenzake.

Wachuuzi wapokelewe getini. Kuku wakamatwe na mwenye nyumba, waletwe nje, wahesabiwe huko, badala ya mnunuzi kuingia banda baada ya banda kijiji kizima akichagua. Trei za karatasi zisirudi ukishauza mayai. Kama unatumia za plastiki, zioshwe kwa sabuni na zianikwe juani kabla hazijaingia stoo. Tenga lioshwe, na pikipiki iliyobeba kuku ipigwe maji magurudumu kabla ya kuingia uani.

10. Chanja mdondo, tena kwa wakati

Mdondo una chanjo, tena rahisi, lakini bado unaua kuku wengi bure kwa sababu ya uzembe tu. Chanjo ya I-2, inayotumika sana Tanzania, inastahimili joto kuliko nyingi, na ndiyo maana inafika vijijini kusiko na friji. Pamoja na hayo, haitaki jua. Ibebe kwenye kikapu, imefungwa kwa kitambaa chenye majimaji.

Kuchanja hakuhitaji sindano. Mshike kuku vizuri, mlaze kichwa upande ili jicho moja litazame juu, dondosha tone moja, subiri apepese, ndipo umwachie. Ukimwachia mapema atatikisa kichwa na tone litaishia chini. Rudia kila baada ya miezi mitatu hadi minne, kama mtaalamu wa eneo lako atakavyoelekeza, na uchanje kuku wazima tu. Kijiji kikichagua siku moja kikachanja chote, kinga inakuwa na maana zaidi kuliko kila mmoja kufanya kwa wakati wake.

Kumbuka: chanjo ya mdondo haimkingi kuku dhidi ya mafua ya ndege. Ila ina faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Banda lililochanjwa vizuri likianza kupukutisha kuku, una sababu ya kushtuka mara moja na kuita daktari, maana mdondo si mshukiwa wa kwanza tena.

11. Vifo vya ghafla: simama, funga, piga simu

Kuku wawili watatu wakifa ndani ya siku moja bila sababu, au mayai yakishuka ghafla na maji hayanyweki, usisubiri wiki iishe. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Funga banda, mtu asiingie wala kutoka na kuku, na mpigie afisa mifugo wa kata, daktari wa mifugo wa wilaya au ofisi ya mifugo ya kaunti. Mweleze wangapi wamekufa, tangu lini, dalili gani, na kama umeona ndege wa porini wamekufa karibu.

Yapo mambo matatu ambayo tunakuomba usiyafanye. Usikimbize kuku sokoni "kabla hawajafa wote", kwani hasara yako ya leo inakuwa msiba wa wilaya nzima kesho. Usichinje mgonjwa kwa ajili ya chakula cha jioni. Na usimwage antibiotiki kwenye maji: hizo ni dawa za bakteria, hazigusi virusi, zinakula pesa yako na kuacha mabaki kwenye mayai na nyama.

Mizoga ifukiwe kwenye shimo refu, mbali na kisima, imwagiwe chokaa na ifunikwe vizuri mbwa wasifukue. Kuitupa mtoni au jalalani ni kuwapa ndege wa porini ugonjwa uliotoka kwako. Nchini Bangladesh kunguru wengi wamekufa kwa H5N1 katika vifo vilivyohusishwa na mabaki ya kuku wa masokoni, nasi kunguru hatuna wachache, kuanzia Mombasa hadi Zanzibar na Dar es Salaam.

12. Ndege wa porini aliyekufa aachwe, atolewe taarifa

Wavuvi wa Lutembe walifanya jambo la maana: waliona, wakasema. Bila taarifa yao virusi vingepata muda zaidi wa kuzunguka.

Ndege mmoja aliyegongwa na gari si habari. Ndege kadhaa waliokufa mahali pamoja, hasa bata, korongo, buabua au mwari, ni habari kubwa. Usiwaguse, usiwapeleke nyumbani, usiwape mbwa wala paka. Paka wanaweza kufa kwa H5N1 baada ya kula ndege mgonjwa. Waambie watoto hivyohivyo, maana wao ndio hufika ziwani kwanza na ndio wenye hamu ya kuokota. Kisha toa taarifa kwa ofisi ya mifugo au ya wanyamapori.

Anayewinda bata mwitu au kanga kwa kibali naye asimnyonyolee uani penye kuku. Manyoya na utumbo vifukiwe hukohuko porini.

13. Linda mwili wako na familia yako

Mafua ya ndege hayampati binadamu kirahisi, lakini yakimpata yanaweza kuwa makali. Tangu 2003, watu zaidi ya 900 duniani wamethibitishwa kuugua H5N1, na karibu nusu yao wamefariki. Wengi wao walikuwa wamegusana na kuku au ndege wagonjwa.

Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kila utokapo bandani. Ukifagia maranda makavu, nyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiruke, na funika pua na mdomo. Ukilazimika kushika mzoga, vaa glavu, au mfuko wa plastiki mkononi ukikosa glavu. Nyama na mayai ya kuku wazima hayana tatizo yakiiva sawasawa: joto la nyuzijoto 70 likifika hadi katikati ya pande la nyama, virusi hufa. Nyama isiwe na wekundu karibu na mfupa, na kiini cha yai kigande.

Mtu aliyehudumia kuku wagonjwa akipata homa kali, kikohozi au macho mekundu, aende hospitali na amwambie daktari bayana kwamba alikuwa na kuku waliokufa. Maneno hayo yanaweza kuokoa maisha yake.

14. Ndege mwitu asigeuzwe adui

Kila taarifa ya mafua ya ndege ikitoka, wapo wanaotaka kuua ndege, kuchoma viota au kukausha vinamasi. Ni kosa mara mbili. Kundi linaloshambuliwa hutawanyika, na walioambukizwa huenda mahali pengine ambapo wasingefika. Na ukikausha kinamasi, ndege waliokuwa wametosheka huko watatafuta maji na chakula kwenye bwawa na mpunga wako.

Historia nayo inatutaka tuwe waadilifu. Ukoo wa virusi vya H5N1 vinavyosumbua dunia leo ulitambuliwa mwaka 1996 kwa bata bukini wa kufugwa katika jimbo la Guangdong, China. Mwaka uliofuata, Hong Kong, ukawapata watu 18 na kuua 6. Ilipofika 2005, maelfu ya ndege wa porini wakafa kwenye Ziwa Qinghai. Desemba 2021, maelfu ya korongo walikufa katika bonde la Hula, Israel, lililo kwenye njia ya ndege wanaoshuka Afrika. Ugonjwa ulikuzwa mabandani, ukaenda porini, na sasa unarudi mabandani. Ndege wa porini ni wahanga kama kuku wako.

Na wana kazi kwetu. Korongo hula viwavijeshi na nzige mashambani. Buabua hula wadudu kwa wingi juu ya maji na mashamba. Anayewaua anajiongezea gharama ya dawa za shambani.

Tunachotaka ni umbali: wao kwenye maji yao, kuku kwenye banda lao, na mfugaji katikati akilinda mpaka huo kwa sabuni, wavu na paa. Basi, ndugu msomaji, usivibebe vyote 14 kwa siku moja. Wiki hii hamishia maji chini ya paa, weka sabuni na buti mlangoni, na uandike namba ya afisa mifugo wako ukutani pale ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona. Mwezi huu panga chanjo na majirani. Virusi havichagui banda la nani, na jirani asiyejua haya anaweza kukuletea hasara bila kukusudia, kwa hiyo msomee na yeye.